Gari Lililovuja Siku za Kliniki

Gari letu lilikuwa likivuja siku za kliniki tu. Ilinichukua muda kuligundua hilo, na nilipoligundua sikumwambia mtu, kwa sababu ni jambo ambalo ukilitamka mbele ya watu wazima utashauriwa ukapumzike. Siku nyingine nililiendesha kutoka Kileleshwa hadi ofisini katikati ya jiji, nikakwama kwenye msongamano hadi nikachoka kutukana, nikarudi nyumbani jioni, na maji ya rejeta yalikuwa palepale nilipoyaacha. Lakini siku nilizompeleka mama mkwe hospitali, mshale wa joto ulipanda, na nilipofungua kifuniko cha rejeta nilikuta maji yameshuka hadi hayaonekani. Chini ya gari hapakuwa na tone.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, stesheni wagoni la rangi ya chai ya maziwa, nililolinunua kwa mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akihamia ng'ambo. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umekataa kufunguka tangu enzi zake. Redio ilishika stesheni moja. Mimi nililipenda gari lile kwa namna ambayo mke wangu aliiona kama ugonjwa, na sikubishana naye.

Mama mkwe alikuwa ameletwa kwetu kwa sababu ya mguu. Alikuwa mjane mwenye kishamba na ng'ombe kando ya barabara ya Limuru, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemmaliza hisia za nyayo polepole, mwaka baada ya mwaka. Siku moja alikanyaga msumari zizini, akashinda nao ndani ya buti tangu kukamua asubuhi hadi kukamua jioni, asijue. Alipovua buti ndipo alipoiona damu, na hata hapo alidhani ni ya ng'ombe. Niliposikia habari hiyo nilishindwa kula. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutembea siku nzima juu ya msumari na mwili wake ukakosa kumwambia.

Daktari wa kliniki hakuwa na maneno mengi. Alisema kidonda kikae kikavu. Kikikaa kikavu kitafunga, na kisipokauka itabidi tuzungumze mambo mengine. Hayo mambo mengine hakuyataja, lakini sote tulijua ni msumeno. Mama mkwe alimtuma binti yake amwambie daktari kwamba yeye alikuja na miguu miwili na ng'ombe wake wanamjua hivyo.

Binti yake, yaani mke wangu, alikuwa mwalimu, na asubuhi hakuweza kuliacha darasa. Mimi nilikuwa na bosi mwenye huruma. Basi kazi ikaniangukia: mimi na mama mkwe, peke yetu, ndani ya gari moja.

Asiye wa kwetu hataona shida iko wapi. Kwetu kuna neno, thoni. Ni haya, ni heshima, ni ile aibu inayokufanya uinamishe macho kabla hujaambiwa, na ni katika neno hilo mama mkwe anapata jina lake, muthoni, mtu wa kuonewa haya. Humtazami usoni ukiweza kutazama kitu kingine. Huketi karibu naye. Humuulizi habari za mwili wake, hata kama mwili huo ndio uliowaleta hospitalini. Sisi wa mjini tulijifanya tumeyaacha mambo hayo. Tulimwita Mum, tukamsalimia kwa mkono, tukala naye meza moja. Lakini thoni ilikuwa bado imo nyumbani, imeketi kimya, na tulipofunga milango ya gari iliingia nasi.

Kwa kawaida angeketi nyuma, nami ningekuwa dereva wake na mambo yangekuwa rahisi. Lakini mguu ulitakiwa unyooshwe, na nyuma penye nafasi ya kuunyoosha ni kushoto, kwenye mlango ule uliokataa. Akaketi mbele, kushoto kwangu, mkoba mapajani, amejibana kabisa kwenye mlango. Nami nilijibana kwenye wangu. Katikati yetu palibaki nafasi ya kumketisha mtu wa tatu.

Tulizungumza kupitia vitu vingine. Akitaka nipunguze mwendo, aliuambia mkoba wake kwamba watu wa siku hizi wana haraka. Mimi nikitaka kujua amelalaje, niliwaza kwa sauti kwamba mbwa wa jirani walibweka usiku kucha, naye akauambia mkoba kwamba yeye hakusikia mbwa wowote. Kwa njia hiyo tulifika hospitali tukiwa tumeulizana hali kikamilifu, na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Mwezi wa saba ukaingia, na kila aliyeishi Nairobi anajua mwezi wa saba. Jua linakwenda likizo, mawingu yanakaa juu ya paa, na asubuhi unavaa sweta juu ya sweta. Tulikuwa tunaingia Ngong Road aliposema, akikitazama kioo cha mbele, "Baridi ya mwaka huu ina maneno."

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha hita. Sikuwa nimewahi kukigusa. Hakuna mtu niliyemjua Nairobi aliyewahi kuwasha hita ya gari. Tulijua ipo kama tunavyojua akiba iliyo benki ya mtu mwingine. Kitufe kilikuwa kigumu. Nilikizungusha kwa nguvu hadi kikalia, na kwenye matundu ya dashibodi likatoka vumbi, kisha bawa la mdudu, kisha, baada ya muda, hewa ya moto. Mama mkwe alilegeza kitambaa shingoni. Niliona fahari ambayo sikuiona hata siku nilipolipa mahari.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Yeye alikiambia kioo habari za baridi, mimi nikazungusha kitufe. Nikishamrudisha nyumbani nilikifunga, kwa sababu niliihesabu hita kuwa yake. Kuiwasha nikiwa peke yangu kungekuwa kama kuvaa sweta yake.

Ni wiki hiyohiyo maji yalipoanza kupotea.

Mwanzoni nilifanya anachofanya kila mtu: nikaweka jerikeni la maji ya mfereji kwenye buti la gari na kuongeza kila yakipungua. Kisha ukaidi ukaniingia. Nilitaka kujua yanakwenda wapi. Nilitandaza katoni chini ya injini tulipoegesha, na asubuhi nikapiga magoti kwenye baridi kulitazama. Kavu. Nilipitisha kidole kwenye kila mpira, kila klipu, kila kona ya rejeta. Kavu. Maji si kama pesa. Hayawezi kutoka bila kulowesha mtu. Lakini haya yalikuwa yametoka, na kila kitu kilikuwa kikavu kama unga.

Nikalipeleka kwa fundi aliyekuwa na gereji ya wazi nyuma ya maduka ya Adams Arcade, mtu mnene mchangamfu aliyefanya kazi huku akila mahindi ya kuchoma. Aliwasha injini, akaingiza kichwa ndani ya boneti, akasikiliza.

"Buda, hii gari haina shida," alisema. "Shida ni themostati. Hii kitu iliwekwa ya nchi za barafu. Hapa ni Kenya."

Akaitoa, kidude kidogo cha shaba chenye springi, kinachozuia maji hadi injini ipate moto, akanionyesha kama daktari wa meno anavyokuonyesha jino, kisha akaitupa kwenye debe ambamo zilikuwemo nyingine nyingi. Nadhani nusu ya themostati za Nairobi ziliishia kwenye madebe ya namna hiyo. Mshale wa joto ulishuka kwa siku chache nami nikamsifu mbele ya watu. Ijumaa ya kliniki maji yakapotea tena.

Nilipomrudia, alikuna kichwa na kusema basi ni gasketi ya kichwa cha injini, maji yanaingia inakochomwa petroli na kutoka kama moshi. Nilichomoa kijiti cha oili nikatafuta ule utelezi mweupe unaoonyesha maji yamechanganyika na oili. Haukuwepo. Nilisimama nyuma ya gari nikinusa moshi hadi askari wa lango akaja kuniuliza kama niko sawa. Injini ilinguruma mbele ya fundi muda mrefu bila kupoteza hata kikombe. Hita, bila shaka, ilikuwa imefungwa. Mama mkwe hakuwemo.

Jioni moja tulikuwa mezani, mimi na mke wangu, mama yake amekwenda kulala mapema. Mke wangu alikuwa amekasirika.

"Sista wa kliniki amenipigia tena," alisema. "Eti mama anafika bendeji imelowa. Eti anaoga nayo. Mimi ndiye ninayeifunga asubuhi, kwa mikono yangu, kavu. Inafikaje imelowa?"

"Labda anatokwa na jasho," nikasema.

"Jasho la mguu mmoja?" Akasukuma sahani. "Mimi nataka kujua tu hayo maji yanatoka wapi."

Nami nilikuwa nimekaa hapo, kwenye meza hiyohiyo, nikichora njia za maji ya injini nyuma ya bahasha na kujiuliza maji yanakwenda wapi. Nimeikumbuka meza hiyo mara nyingi. Mmoja anauliza yanakotoka, mwingine anauliza yanakokwenda, na chumvi iko katikati. Tulipitishiana chumvi, tukazima taa, tukaenda kulala.

Kuna jambo nilikuwa nimeliona, na sikumwambia mke wangu. Asubuhi moja tulipoegesha hospitalini, nilizunguka kumfungulia mama mkwe mlango, nikamkuta ameinama anapangusa sakafu ya gari kwa kitambaa chake cha mkononi. Alipofikiri sijafika bado, alikikamua nje ya mlango. Maji yakadondoka kwenye lami.

Niligeuka upesi nikaanza kuukagua mti uliokuwa kando ya maegesho. Sikuona kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, sikuona kitu, na kwa heshima yote niliyofundishwa nilimpa muda wa kujikusanya kabla sijageuka. Moyoni niliona kila kitu na nikakielewa vibaya. Ugonjwa wa sukari humpeleka mtu chooni mara kwa mara, foleni za Ngong Road ni ndefu, na yeye angekufa kabla ya kuniomba nisimame kwenye kituo cha mafuta. Nilimhurumia. Safari iliyofuata nilitandika taulo kwenye kiti chake, nikaikunja vizuri ili ionekane kama pambo.

Aliiona. Alisimama kidogo kando ya mlango akiitazama, kisha akaikalia. Safari iliyofuata alikuja na leso yake mwenyewe kuukuu, akaikunja mara nne na kuiweka sakafuni chini ya mguu wenye bendeji. Nikafikiri anapenda usafi.

Ukungu ulikuwa ukijaa kwenye kioo cha mbele. Nilikipangusa kwa mkono, kikabaki na utando kama wa mafuta. Nao huo ni mwezi wa saba, nikasema, kila gari lina ukungu.

Aliyenisaidia, bila kujua, alikuwa mzee Singasinga wa duka la vipuri River Road. Nilikuwa nimeteremka huko kwa miguu wakati wa chakula cha mchana, nikipita kati ya mikokoteni na marundo ya mabati, kununua kifuniko kipya cha rejeta, kwa maana nilikuwa nimebakiwa na kifuniko tu kama mshukiwa. Nilimweleza kisa chote, isipokuwa sehemu ya mama mkwe. Alisikiliza huku akifuta miwani.

"Wewe naweka maji gani?" akauliza.

"Ya mfereji."

"Ya mfereji utaona aje? Haina rangi, haina harufu." Akainama chini ya kaunta, akaibuka na kopo la kulanti, dawa ya kijani ya kupoza injini. "Weka hii. Halafu maji sahau kabisa. Tafuta kijani."

Nilimwaga kulanti ile jioni hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari nilikaa kuitazama tu ikiingia. Kijani kile hakipo kwenye mimea. Kinang'aa. Kilinishika vidoleni na chini ya kucha, na harufu yake ilikuwa tamu, utamu wa peremende uliozidi kiasi, hata baada ya kunawa kwa sabuni mara mbili. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyetega mtego.

Siku ya kliniki ikaja. Nilimshusha mama mkwe, nikafungua boneti palepale kwenye maegesho na kuanza kuwinda kijani. Nilitazama kila mahali kwa tochi ndogo mchana kweupe. Rejeta ilikuwa imepungua. Kijani hakikuwepo. Nilipiga magoti, nikalala chali kwenye lami na suruali ya ofisi, nikatazama tumbo la gari. Hapana. Nilianza kuogopa, na sisemi kwa mzaha. Kitu chenye rangi na harufu kilikuwa kimeingia kwenye gari langu na kutoka ulimwenguni.

Nikiwa bado chini nikasikia viatu vya sista. Alisema daktari anamtaka mtu wa familia, sasa hivi.

Sikuwa nimewahi kuingia kwenye chumba kile. Kazi yangu iliishia mlangoni. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, alinivuta kando, lakini chumba kilikuwa kidogo na kando yenyewe ilikuwa palepale.

"Wewe ni kijana wake?"

"Ni mkwe."

"Sikiliza. Nimekuwa na wasiwasi na hiki kidonda kwa sababu hakikauki. Leo kimekuja na rangi na harufu. Kuna kijidudu kinachotoa rangi ya kijani na harufu tamu namna hii, na kikishaingia kwenye mguu wa mtu wa sukari hatuchezi nacho. Nataka alazwe leo. Na nataka muanze kujiandaa, kwa sababu sidhani tutaokoa chini ya goti."

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mguu umefunuliwa. Alikuwa amesikia. Hakulia. Alikuwa akitazama ukutani, mikono ameikunja mapajani vilevile anavyoushika mkoba, na kidevu kimeinuka kidogo. Nilijua siruhusiwi kuutazama mguu ule. Hata wakati huo, na msumeno umetajwa, thoni ilinishika kichwa ikakigeuza. Ndipo macho yangu yakaangukia trei ya chuma mezani.

Bendeji ilikuwa imelala pale, imelowa, na ilikuwa ya kijani.

Nilijua kijani kile. Nilikuwa nacho chini ya kucha. Nilivuka chumba, nikaichukua bendeji ya mama mkwe wangu kwa mikono yangu mitupu, nikaipeleka puani nikainusa. Sista alipiga ukelele mdogo. Daktari alinyoosha mkono kunishika. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunitazama machoni, alinitazama machoni.

"Daktari," nikasema, "hii ni ya gari."

Hakuna aliyeelewa, na siwalaumu. Nilimwonyesha kucha zangu. Nikamwomba anuse kidole changu, na kwa heshima yake yule kijana alinusa kidole changu, kisha akanusa bendeji, kisha akarudi kwenye kidole. Akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

Tulitoka wote wanne kwenda maegesho, mama mkwe kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa bendeji mpya. Nilifungua mlango wake, nikapiga magoti, nikaitoa leso yake iliyokunjwa. Ilikuwa nzito. Niliinua mpira wa sakafuni, na hapo chini, kwenye zulia, kulikuwa na dimbwi la kijani linalong'aa. Niliingiza mkono chini ya dashibodi hadi kwenye kisanduku cha hita, nikagusa kona yake. Vidole vikarudi vimelowa, na maji yalikuwa bado ya vuguvugu.

Nilibaki nimepiga magoti. Mambo yote yaliniingia kwa pamoja. Hita hupata moto wake kwa maji ya injini, na yetu ilikuwa imeoza ndani kwa miaka, ila ilikuwa imefungwa, haina madhara. Mimi niliifungua kwa heshima. Kila alipokiambia kioo kwamba kuna baridi, nilizungusha kitufe na maji ya injini yakaja kumwagika taratibu kwenye mguu ambao hausikii. Kiatu chake kilikuwa kimekatwa mbele kupisha bendeji. Leso ilikusanya maji ikamshikia. Ndiyo maana fundi hakuona kitu, ndiyo maana katoni lilikuwa kavu: gari lilikuwa linavuja pale tu mtu mmoja duniani alipokuwa ameketi mahali pamoja. Hakuna aliyeyapanga hayo. Nilistaajabu kama mtu aliyefunuliwa kitu, na hata leo nikieleza, ngozi hunisisimka.

Daktari alisema hatakata kitu leo. Alisema maneno mengine kuhusu vipimo na kusafisha na kusubiri, lakini nilikuwa namsikiliza mama mkwe. Alikuwa ameinama kwenye kiti cha magurudumu, akilitazama dimbwi.

"Kwa hivyo si mimi?" aliuliza.

Hakukiuliza kioo, wala mkoba. Aliniuliza mimi.

"Nini, Mum?"

"Hayo maji. Nilifikiri ni mimi. Nilifikiri mguu umeoza unatoa maji, nikaona haya kuchafua gari lako. Nikawa napangusa. Halafu ukaniwekea taulo, nikajua umeona, ila wewe ni mtu wa adabu ndiyo maana husemi." Akalitazama dimbwi tena. "Si mimi."

"Si wewe, Mum. Ni gari."

Akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kisha kwa nguvu, akashika ubavu, machozi yakamtoka na hakuyapangusa, na sista naye akashikwa na kicheko, na mimi nilicheka nikiwa bado na magoti kwenye lami, bila kumwambia nilichokuwa nimefikiri taulo ni ya nini. Hilo sijamwambia mtu hadi leo. Wiki nyingi yule mama alikuwa amekaa kando yangu akiamini kwamba anavuja, kwamba mwili wake unamwishia sakafuni mwa gari la mkwe wake, na alichoona kinafaa ni kutembea na kitambaa. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikiona. Na tulikuwa na adabu mno.

Fundi wa Adams Arcade aliimaliza kazi kabla mahindi yake hayajapoa. Alikata mipira miwili iliyokwenda kwenye hita, akaiunganisha nje kwa kipande cha bomba na klipu, na hita ikaachwa bila kazi. Nilitoa zulia lote nikalianika ukutani. Mke wangu, nilipomweleza, alicheka, halafu akaingia bafuni akafunga mlango na kufungulia maji ili nisimsikie. Alipotoka alikwenda kununua blanketi la gari.

Kidonda hakikufunga kwa wiki moja wala mbili. Lakini bendeji zilianza kutoka nyeupe, kisha zikatoka na doa dogo, kisha doa likapungua. Daktari aliacha kuzungumza kwa sauti ya chini. Mama mkwe alianza kuniuliza habari za ng'ombe, akinitazama nusu uso, kama ninaweza kumpigia jirani anayewakamua.

Na tulipata salamu mpya. Kila asubuhi ya kliniki, akishaketi na kujifunika blanketi, aliniuliza, "Kumekauka?" Nami, kabla ya kuwasha gari, niliinama upande wake nikapapasa sakafu kwa kiganja, pembeni mwa miguu yake, mahali ambapo mkwe hana ruhusa ya kupeleka mkono. "Kumekauka, Mum," nilisema, naye akavuta pumzi.

Siku ya mwisho ya kliniki alikuja peku upande wa mguu uliopona, kiatu mkononi, kwa sababu bendeji haikuwepo tena na alitaka daktari aone haraka. Aliketi, akajifunika. Aliuliza, nami nikainama nikapapasa. Wakati kiganja changu kikiwa bado sakafuni, alijisogeza kukaa vizuri na kuushusha mguu, akaukanyaga mkono wangu kwa uzito wake wote.

Hakujua. Asingeweza kujua. Alikuwa akitazama mbele, anauambia mkoba wake kwamba leo kuna jua. Mguu ulikuwa wa baridi, mgumu wa kisigino, wenye kovu jipya linaloteleza, na vidole vyote vitano. Uliniumiza kidogo. Niliuacha mkono pale, nikangoja hadi alipousogeza mwenyewe.

"Kumekauka?" aliuliza tena, maana sikuwa nimemjibu.

"Kumekauka, Mum," nikasema, nikawasha gari.